Mfuko wa Mbalamwezi

Nakumbuka asubuhi moja, siku za mbalamwezi, mitumbwi yote imepandishwa mchangani pale Kibirizi kando ya ziwa, mimi nimekaa kibarazani kwangu nashona wavu, mama mkwe wangu akaingia uani bila hodi. Hakunisalimu. Alinipita kama mtu anavyoipita nguzo ya nyumba, akaingia jikoni, akafunua sufuria.

Mwanangu, wewe wa leo unampigia mama mkwe simu ya picha na mnacheka, kwa hiyo huwezi kuujua uzito wa jambo lile. Enzi zetu mkwe wa kike na mume wa bintiye walikwepana kama jua na mwezi. Ukimwona anakuja njia hii, unapinda ile. Chakula chake hukioni, na chako hakioni. Sasa huyu mama kashuka kutoka Kalinzi, kule mlimani, juu ya lori la maharage, katembea mpaka ufukweni, kafunua sufuria yangu mbele ya macho yangu. Sindano ya wavu ilinichoma kidole na sikusikia.

Akatoka nayo nje. Akaiweka chini miguuni pangu.

"Mwenye mtumbwi," akasema. Hakuniita mkwe. Hakuniita baba Issa. "Hiki ni nini?"

"Mboga, mama."

"Mboga gani?"

Ndani yalikuwa mawese, chumvi na pilipili. Basi. Pembeni jikoni palikuwa na ugali wa muhogo, mweupe kama chokaa. Mke wangu Tausi alisimama mlangoni na mwanetu Issa mgongoni, ameinamisha kichwa kama mtu aliyekamatwa akiiba, ilhali aliyeibiwa ni yeye.

Kabla sijaendelea nikuambie nilikuwa nani, maana sipendi mtu anihurumie. Mimi niliishia darasa la tatu. Sikuachiwa hata kasia. Nilianza ziwani kwa kupiga maji, yaani kuyachota yanayoingia mtumbwini na kuyamwaga nje usiku kucha, mpaka mgongo ukawa kama ubao. Kabla ndevu hazijajaa kidevuni nilikuwa na mitumbwi miwili yangu mwenyewe, iliyofungwa pamoja, na wavu wake na karabai zake, taa za kuvulia. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na vyangu niliviunda mimi. Watu wa Ujiji walinijua. Nilitembea nimetanua kifua, na nikajiona nimeshahitimu dunia. Kumbe nilikuwa nimehitimu dagaa tu.

Mtoto wetu wa kwanza, huyo Issa, alizaliwa kabla ya wakati wake. Alikuwa mdogo kama samaki mgebuka, analia kama paka aliye mbali. Homa ikitoka, kifua kinaingia. Ndugu zangu wakaanza maneno. Baba mdogo Hamadi, aliyenilea baada ya baba kufa, akaniambia mbele za watu: "Ulikwenda kutafuta mke mlimani. Watu wa mlimani damu yao nyepesi. Mrudishe kabla hajakujazia nyumba vitoto vya namna hii." Nami, mwanangu, ulimi wangu huu huu ukasema: "Mwezi huu ukiisha, atarudi kwao."

Maneno yana miguu. Yalipanda mpaka Kalinzi kabla mwezi haujaisha, na ndiyo yaliyomshusha mama mkwe.

"Mwenye mtumbwi," akasema tena, "nimesikia unaturudishia binti. Sawa. Nitamchukua. Ila kwanza nijibu. Wewe nyumbani kwako unalala lini?"

Swali la aibu hilo kutoka kwa mama mkwe. Nikajibu nikitazama mchanga. "Siku za mbalamwezi, mama."

Hapa nisimame kidogo, kwa ajili yako wewe uliyekulia mbali na ziwa. Dagaa wetu huvuliwa kwa taa. Giza likiwa zito, unawasha karabai juu ya maji, dagaa wanaifuata taa, unawainua na wavu. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, taa haina kazi. Kwa hiyo siku za giza mvuvi yuko majini, na siku za mbalamwezi yuko nchi kavu, anashona nyavu na kulala na mkewe. Nasema wazi. Mficha uchi hazai.

"Na samaki," akaendelea, "samaki hulala lini katika nyumba hii?"

Nikavuta uzi wa wavu.

"Nijibu. Siku za giza unavua. Wanaokwenda kwa wachuuzi wanakwenda. Wanaobaki ni wa wageni wako hapo barazani, na binti yangu anaramba mchuzi jikoni. Siku za mwezi wewe upo, samaki hakuna. Sasa huyo mtoto unayesema damu yake nyepesi, alitungwa siku zipi?"

"Mama, mbalamwezi."

"Juu ya sufuria gani?"

Nikaitazama sufuria iliyokuwa miguuni pangu. Mawese, chumvi na pilipili.

Nilijaribu kujitetea. Kijana mwenye mitumbwi miwili hakosi la kusema. Nikamwambia, "Lakini mama, tumbo lilipoonekana nilimlisha! Samaki alikula, maziwa nilimtafutia. Muulize." Na ni kweli, nilimlisha. Kwetu ndivyo tulivyofunzwa: mimba changa ni siri, haitajwi, macho ya watu yasije yakaidhuru. Tumbo likishajitangaza lenyewe, ndipo mwanamke anapewa kipande kinono. Kabla ya hapo anakula kama sisi wengine, na mara nyingi chini ya sisi wengine. Mayai ndiyo kabisa hakuyagusa, eti mtoto atazaliwa kipara. Mayai tuliyala sisi wanaume, na nikuambie kitu, wengi wetu leo ndio wenye vipara.

Yule mama akacheka kicheko kikavu.

"Mwana wanje," akasema kwa Kiha, yaani mwanangu, lakini alikuwa anamwambia Tausi, siyo mimi. "Huyu mumeo angelima kahawa ingekuwaje? Angechimba shimo, apande mche kwenye mawe matupu, akae angoje. Siku jani likichomoza ndipo akimbie huku na huku kutafuta samadi." Kisha akanigeukia. "Kwetu mlimani hata mpumbavu wa kijiji anajua, mbolea hutangulia shimoni. Mche unaikuta. Mnasema kuzaa si kazi, kazi kulea. Mimi nakuongezea: na kulea huanza kabla ya kuzaa. Huanza kabla hata wewe hujajua kama umezaa."

Nikaweka wavu chini. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nilifunzwa na mama wa mke wangu, uani kwangu, jirani zangu wakichungulia juu ya ua.

Akashusha kikapu chake. Kilikuwa na maharage, mayai yaliyofungwa kwenye majani makavu ya mgomba, na mboga za majani. "Nakupa giza tatu," akasema. "Giza la tatu likiisha nitarudi nifunue sufuria tena. Nikikuta mawese matupu, nambeba mwanangu na mjukuu wangu, wewe ubaki na mitumbwi yako uizalishe."

Akaondoka. Maji hakunywa.

Siku mbili nilikuwa na hasira. Nakuambia ukweli, mwanangu, ukweli ukikuchoma kwanza unataka kumpiga aliyeushika. Siku ya tatu nikamtazama Tausi anamnyonyesha Issa, nikaona mifupa ya bega lake, nikajiuliza: hivi mimi, mwenye mitumbwi, mke wangu anakula nini siku ambazo mimi nipo? Sikujua. Nilikuwa najua bei ya kila gunia pwani nzima na sikujua alichokula mke wangu jana.

Nikachukua mfuko wa turubai, wa ukubwa wa mto wa kulalia. Giza lilipoanza, kila asubuhi kabla wachuuzi hawajagusa mali, niliteka dagaa bakuli moja, wale wa juu, wanaong'aa. Tukawaanika kwenye kichanja cha peke yao. Wakikauka, wanaingia kwenye mfuko. Mfuko unaning'inia juu ya jiko, karibu na moshi. Nikamwambia Tausi: "Huu ni wako. Ni wa mbalamwezi. Mimi mwenyewe nikiugusa, nipige na mwiko."

Ufukweni wakaanza. Sudi, baharia wangu, alikuwa na mdomo kama karabai iliyotoboka.

"Jamani, tajiri anamnenepesha mkewe kama ng'ombe wa Idi!"

"Kaambiwa na mkwewe," mwingine akadakia. "Siku hizi nahodha wa mtumbwi huu yuko Kalinzi."

"Nahodha, tuulizie kwa mama mkwe, leo tutupe wavu wapi?"

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Nami nikacheka nao, lakini bakuli nikaliteka. Mwanaume anayeacha jambo jema kwa kuogopa kuchekwa hajawa mwanaume bado, ana sauti nene tu.

Mtihani wenyewe ulikuja mbalamwezi ya pili. Giza lake lilikuwa baya, upepo ulitunyima ziwa, tukavua kidogo. Pwani nzima ilikuwa kavu. Ndipo baba mdogo Hamadi akaja na wageni wawili kutoka Kidahwe, wakakaa barazani, wakangoja. Kwa kawaida yetu wanaume wanakula kwanza, nyama na samaki ni vya barazani, na jikoni hupelekwa kinachorudi.

Nikaingia jikoni. Tausi alikuwa amesimama mbele ya mfuko, na mwiko mkononi.

"Niutoe?" akaniuliza. Hakusema kwa ubishi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea.

Sauti hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nikamwambia, "Pika. Tia na maharage. Tia na sombe, kisamvu chetu, utwange karanga. Kisha pakua sahani yako kwanza, na uje kuilia hapa mlangoni, nikuone."

"Mbele ya baba mdogo?"

"Mbele ya baba mdogo."

Alipakua. Alikaa mlangoni. Akala. Baadaye tukaletewa sisi kilichobaki, na kilikuwa kinatosha, ila kilikuwa cha pili.

Baba mdogo akaitazama sahani, akamtazama Tausi, akanitazama mimi.

"Siku hizi katika nyumba hii wazee wanakula makombo ya wanawake?"

Mwanangu, mtu huyu ndiye aliyenilea. Alinivisha, alinitahirisha, alinipeleka ziwani. Nikamsogezea maji ya kunawa. Nikasema, "Baba mdogo, ulisema damu ya mke wangu ni nyepesi. Nimetafuta nikajua nani aliyeitia maji. Ni mimi. Karibu ule."

Wageni wa Kidahwe wakawa ghafla wanapenda sana kutazama ziwa. Baba mdogo akavuta sahani karibu. Kisha akanawa mikono, akamega ugali. Alipomaliza akasema neno moja tu: "Sombe ni tamu." Kuhusu damu ya mlimani sikumsikia akisema tena mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu.

Giza la tatu likaisha. Mama mkwe akarudi kama alivyoahidi, akapita bila salamu kama alivyozoea, akafunua sufuria. Humo alikuta dagaa, nyanya, maharage na majani. Akafunika. Akaangalia mfuko juu ya jiko, akaubonyeza kwa kidole kama anavyobonyeza daktari tumbo. Tausi alikuwa amejaa mashavu, anaimba. Mimi nikangoja nisifiwe.

"Tutaona," akasema. Akapanda lori.

Tausi alipata mimba mbalamwezi ya nne. Hatukumwambia mtu, siri tuliitunza vilevile kama wazee walivyotaka, lakini sahani haikungoja tangazo. Tumbo lilipojionyesha, mtoto alikuwa ameshakula miezi mingi. Akazaliwa kwenye zahanati asubuhi, msichana, analia mpaka wanaosubiri nje wakaziba masikio. Mkunga akaniambia, "Mzee, huyu umemfundisha kuita mtumbwi?" Nilikuwa kijana, lakini siku hiyo neno "Mzee" lilinikaa vizuri. Nikatembea kutoka zahanati mpaka ufukweni namwambia kila mtu, hata asiyeniuliza. Sudi akapiga magoti mchangani: "Nahodha wa Kalinzi, tumesalimu amri!" Mwaka ule ule na yeye akashona mfuko. Miaka mitatu baadaye ukizunguka Kibirizi wakati wa mbalamwezi ungeona mifuko ikining'inia jikoni kama popo.

Tulimwita mtoto Hawa, jina la mama mkwe. Bibi yake alipoletewa akambeba, akampima kwa mikono, akanuna kidogo ili asitabasamu.

"Mmoja si ushahidi," akasema. "Tutaona wa pili."

Tulizaa wengine wanne. Kwa kila mmoja mama mkwe alisema, "Tutaona." Nami kwake nikabaki mwenye mtumbwi.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu kwa vidole hivi vilivyozoea kamba. Hawa leo ni muuguzi. Kazi yake ni kina mama. Mwaka huu alikuwa nyumbani, tumekaa na kaka yake Issa, nikawa namsimulia habari ya sufuria kwa mara ya mia. Akaniambia, "Baba, unajua bibi alikuwa anasema jambo ambalo wataalamu wanalichunguza mpaka leo?"

"Wamemwuliza yeye?" nikasema. "Wangeokoa muda."

Akanieleza, na kwa kuwa anajua kichwa changu kimejaa ziwa, akanieleza kwa taa. "Kila mtoto anarithi jeni, baba, nusu kwako, nusu kwa mama. Chukulia ni taa za mtumbwini. Chakula hakiongezi taa wala hakipunguzi. Ulizopewa ndizo hizo hizo. Lakini taa ikiwepo si lazima iwake. Kuna iliyowashwa sana, kuna iliyopunguzwa, kuna iliyofunikwa. Mwili wa mtoto unaweka alama juu ya kila taa: hii iwake, hii ififie. Na nyingi ya alama hizo zinapangwa mapema mno, siku za kwanza kabisa, mama mwenyewe hajajua kama ana kitu tumboni."

"Mbalamwezi," nikasema.

"Hiyo hiyo. Na vitu vya kuwekea alama vinatoka kwenye chakula alichokula mama siku zile na kabla yake. Majani ya kijani, maharage, mayai, maini, samaki. Sehemu ambazo chakula hupungua kwa misimu, wameona watoto waliotungwa msimu huu na waliotungwa msimu ule wanatofautiana alama, na nyingine zinakaa nao miaka mingi. Kila alama ina kazi gani, hilo bado wanalitafuta. Wasije wakakudanganya kuwa wanajua yote."

Issa akasogeza kigoda karibu. Huyu ni fundi wa mashine za boti, mikono yake haina hata siku moja bila grisi. Akasema, "Kwa hiyo mimi, dada, ndiye mliyenitia gizani?"

"Wewe uliwashiwa kibatari, kaka."

"Kibatari kina watoto sita!"

Tukacheka, Tausi akacheka mpaka akafuta macho kwa kanga. Lakini mimi nikasimama. Nikamwambia Issa, mbele ya mama yake na dada yake, jambo ambalo nilikuwa nalo miaka arobaini: "Mwanangu, nilikuanza juu ya sufuria tupu. Nisamehe."

Hawa akaingilia haraka. "Baba, hakuna anayeweza kusema homa za Issa zilitoka kwenye sufuria peke yake. Kuna mama anakula vizuri na mtoto anazaliwa mgonjwa, na kuna wa kinyume. Hatumpimi mama kwa hilo. Na mtoto akishazaliwa, malezi, chanjo na chakula bado vina nguvu kubwa."

"Najua," nikasema. "Lakini langu ni langu."

Issa akafuta mikono yake kwenye suruali, akanishika bega. "Baba, mimi mashine zinakuja kwangu zimetoka kiwandani na kasoro ndogo. Zikipata fundi, zinazipita mpya. Mimi nilipata fundi. Wewe na mama mlinihangaikia mpaka nikawaka." Kisha akaongeza, maana huyu naye ni mtoto wangu na hana ulimi laini: "Ila kwa kuwa fundi yupo, si sababu ya kuharibu mashine makusudi."

Mwezi uliofuata binti yake Issa, Zuhura, aliolewa na kijana wa Buzebazeba anayeitwa Juma, dereva wa bajaji. Kijana mzuri, mcheshi, ila nilikuwa nimeshaona wanavyokula wakiwa wachumba: chipsi na soda leo, chai na maandazi kesho. Yeye hana mbalamwezi ya mwezi. Mbalamwezi yake ni siku abiria wamekosekana. Na hata ziwa siku hizi serikali hulifunga kwa miezi, watu wasivue, lipumzike, na mwenye mfuko hatetereki.

Siku ya sherehe watu waliwapa magodoro, sufuria, na saa ya ukutani kubwa kama ungo. Zamu yangu ilipofika nikasimama na mfuko wa turubai. Ule ule, umeshonwa viraka mpaka turubai la asili hulioni. Ndani dagaa wakavu wa giza lililopita.

"Juma," nikasema, "njoo hapa mbele ya mabwana wenzio."

Akaja, anacheka. "Shikamoo babu."

"Marahaba. Unajua kupika?"

"Kidogo, babu. Naweza kuchemsha maji."

Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia, "Basi utajifunza. Mfuko huu unaning'inia jikoni kwako kuanzia leo. Siyo kuanzia siku utakapoambiwa 'nina habari njema'. Kuanzia leo. Dagaa, maharage, majani ya kijani, yai. Sahani ya kwanza ni ya mkeo, iwe kuna mgeni, iwe hakuna. Na wiki hii mpeleke kliniki kwa shangazi yake Hawa, atapewa na vidonge vyake vya kuongeza damu na vya asidi ya foliki, maana hivyo ni vya kuanza kabla ya mimba, siyo kungoja mpaka ushtuke. Mtoto ukimtaka, usimkute njiani. Mtangulie."

Pale nyuma kukawa na mtikisiko. Watu walikuwa wanapisha njia. Mama mkwe wangu, miaka themanini na kitu, aliyeshuka Kalinzi asubuhi ile juu ya bodaboda huku akimgombeza dereva njia nzima, alikuwa anakuja mbele na fimbo yake. Akapita bila kunisalimu. Akaenda mpaka kwenye sufuria kubwa ya sherehe, akaifunua. Mvuke ukampiga usoni. Akatazama ndani kitambo. Akafunika.

Kisha akanigeukia. Mpiga muziki akapunguza sauti mwenyewe.

"Huyu," akasema, akininyooshea fimbo, "miaka yote nilikuwa nangoja nione kama atasema haya bila mimi kufunua sufuria." Akavuta pumzi. "Leo amesema kwanza. Mkwe wangu, nipakulie."

Vigelegele vilivyopigwa, mwanangu, naamini vilisikika ng'ambo ya ziwa, Kongo. Nilimpakulia kwa mikono yangu mimi mwenyewe, nikampa sahani ya kwanza, kabla ya maharusi na kabla ya masheikh. Mzee wa mitumbwi nilikuwa nalia machozi hadharani na sikuona aibu, na leo ninapoandika sioni.

Basi nasaha yangu ni hii, na siifungi kwenye kitambaa. Kijana, mwanamke wa nyumbani kwako ale vizuri leo, kabla hujamwona akitapika asubuhi, kabla bibi yako hajaanza kuuliza maswali. Binti, usijinyime ili wengine washibe ukadhani ni heshima. Heshima hiyo mtoto wako ndiye atakayeilipia, naye hakuulizwa. Usiuze chote ulichovua. Mtoto akizaliwa dhaifu usitafute ukoo wa kulaumu, mtafutie matibabu, umpende, umchochee awake. Na mama wa mkeo akiingia kwako bila hodi, msogezee kigoda. Samaki mkunje angali mbichi, nami nilikunjwa nikiwa mbichi, ndiyo maana leo nimenyooka.

Mungu aliyelijaza ziwa hili asiukaushe mkono wako. Akupe giza lenye dagaa na mbalamwezi yenye akiba. Watoto wako waje wameshiba, taa zao ziwake zote zinazostahili kuwaka, na siku wazee watakapofunua sufuria yako, mvuke uwapige usoni. Amina.